Tanuri la chuma chini ya kitanda

Mtoto wa sekondari anayeijua kemia yake atakuchorea tanuri la kuyeyushia chuma pasipo kusita. Atakueleza kuwa makaa yakiungua penye hewa tele hutoa hewa ya ukaa, na kwamba hewa hiyo ikipanda katikati ya makaa mekundu hugeuka kuwa kaboni monoksaidi. Hapo amepata alama zake zote. Usiku huohuo anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga dirisha na kulala.

Jiko lile ni tanuri dogo. Yanayotokea kiwandani hutokea pia chini ya kitanda.

Kule Njombe, Makete na Mbeya baridi ya Juni na Julai haina mzaha, na huku Pwani mvua ikishika jiko huhamia ndani. Wengi husubiri moshi uishe wakidhani hatari nayo imekwisha. Sivyo hata kidogo. Moshi una adabu, maana huwasha macho ukakufukuza. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, wala haikerekeshi koo. Beseni la maji nalo halisaidii kitu, kwa kuwa hewa hii karibu haiyeyuki majini.

Tugeukie biolojia. Chembe nyekundu za damu zina hemoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni. Kaboni monoksaidi huing'ang'ania hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, mithili ya abiria aliyekalia kiti cha daladala akakataa kushuka kituoni. Mtu anapumua, moyo unapiga, lakini mwili unakosa oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Si ajabu akadhani ni malaria, akameza dawa na kujilaza palepale! Aliyekwisha kusinzia huenda asihisi lolote.

Halafu lipo somo la uraia. Ibara ya 14 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya kuishi, na haki ya kupata kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Watoto wetu huikariri. Sasa jamii hiyo ni nani, kama si baba mwenye nyumba aliyepigilia mbao dirishani kwa kuogopa wezi? Nondo na wavu vingezuia mwizi na hewa ikapita. Mpangaji naye ana haki ya kumdai hivyo kabla ya kulipa kodi ya miezi sita.

Ukimkuta mtu amezimia penye jiko, fungua mlango, mtoe nje, kisha mkimbize hospitali hata kama amezinduka. Kwa hewa ya kawaida sumu hii huchukua kama saa 5 kupungua nusu katika damu. Kwa oksijeni ya hospitali ni kama saa moja na nusu tu.