Uhuru wa Pwani na Umoja Wetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Changamwe)



Sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe tulikuwa chini ya bendera mbili. Tangu mkataba wa 1895 ukanda huu wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar kwa jina, lakini mwenye kuamrisha ni Mwingereza. Tarehe 8 Oktoba, 1963, Sultani alikubali kuuacha kwa Kenya. Tarehe 12 Desemba tukapata Uhuru.

Lakini, ndugu, Uhuru haukuletwa na karatasi peke yake. Januari 1947 wafanya kazi wapata 15,000 wa Mombasa, wa bandari, reli, hoteli na majumbani, waligoma siku 12. Watu wa makabila mbalimbali walikutana Kiwanja cha Maskini, shauri lao moja. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka ule ule akahamishwa mbali. Mwaka 1955 makuli wa bandari waligoma tena, mshahara ukaongezwa.

Bendera tumekwisha pandisha, lakini kibarua wa kutwa bado yupo. Basi tusikubali kugawanywa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lipeni ada, njoni mikutanoni.