Kujifunza Kusoma Noti: Mazungumzo kwa Wanakwaya wa Tongaren

Mazungumzo haya yahusu jambo ambalo wanakwaya wengi hulitamani na papo hapo hulihofu, nalo ni kusoma muziki ulioandikwa na kuupiga kwenye piano au kinanda.

Katika makanisa na shule nyingi kuna kinanda cha umeme, na kuna kijana anayekipiga kwa kusikiliza tu. Kijana huyo husifiwa, na sifa hiyo ni haki yake, maana sikio zuri ni mali. Lakini siku akiletewa wimbo ambao hajapata kuusikia, karatasi humshinda. Tena siku akiondoka kwenda Nairobi kutafuta kazi, nyimbo zote alizozijua huondoka pamoja naye, na kwaya huanza upya kama watu ambao hawajapata kuimba. Wimbo ulioandikwa haumtegemei mtu mmoja. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kusoma.

Wengi hudhani kwamba elimu hii ni ya wenye fedha, au ya wale waliofundishwa tangu utotoni. Dhana hiyo si ya kweli. Mwanakwaya aliyezoea kuimba kwa solfa amekwisha kupata nusu ya elimu hiyo, ingawa mwenyewe hana habari.

SOLFA NI MTAJI

Njia ya do, re, mi iliyoenea katika makwaya ya Afrika ilikuzwa na John Curwen, mhubiri Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1816. Yeye naye aliichukua kutoka kwa mwalimu mmoja wa kike wa mji wa Norwich, Sarah Glover, akaitengeneza zaidi. Nia yake ilikuwa watu wa kawaida, wasio na vyombo nyumbani, waweze kuimba kwa kusoma. Na kwa kuwa solfa huandikwa kwa herufi na alama za kawaida, vitabu vyake vilipigwa chapa kwa gharama ndogo, na wamisionari wakavieneza mbali.

Matunda yake yalikuwa makubwa. Mwaka 1897, huko Afrika Kusini, mwalimu wa shule aitwaye Enoch Sontonga alitunga wimbo wa Nkosi Sikelel' iAfrika na kuuandika kwa solfa. Sauti ya wimbo huo ndiyo inayoimbwa leo nchini Tanzania katika wimbo wa taifa, Mungu Ibariki Afrika. Basi asitokee mtu wa kuidharau solfa. Aijuaye anajua umbali kati ya sauti na sauti, na anajua kuhesabu mapigo. Kilichobaki ni kuyaona mambo hayo hayo katika sura nyingine.

MISTARI MITANO

Muziki wa piano huandikwa juu ya mistari mitano iliyolala, na kati ya mistari hiyo mna nafasi nne. Mkulima wa Tongaren hatasumbuka kuielewa. Katika shamba lililopandwa vizuri, mahindi husimama kwenye mistari, na maharagwe hupandwa katika nafasi zilizo kati yake, wala hakuna mahali palipo bure. Noti nazo ni hivyo hivyo: moja hukaa juu ya mstari, inayofuata hukaa katika nafasi, kisha mstari tena. Kila hatua moja ya kupanda katika karatasi ni kibao cheupe kimoja kuelekea kulia kwenye piano, na kila hatua ya kushuka ni kibao kimoja kuelekea kushoto.

Piano kamili ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Hesabu hiyo isimtishe anayeanza. Vibao vyeusi vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu, na mpango huo hujirudia toka mwanzo hata mwisho. Kibao cheupe kilicho kushoto ya vile vyeusi viwili huitwa C. Ile C iliyo karibu na katikati ya kinanda ndiyo nguzo ya kuanzia, na katika karatasi huandikwa juu ya kimstari kifupi cha peke yake.

Mkono wa kulia aghalabu husoma mistari ya juu, na wa kushoto mistari ya chini. Mistari ya juu huanza na alama iliyopindapinda, ambayo huuzunguka mstari wa pili kutoka chini. Mstari huo ni G. Mistari ya chini huanza na alama yenye nukta mbili, moja juu na moja chini ya mstari wa nne. Mstari huo ni F. C ya kati ipo baina ya mafungu hayo mawili. Mwanafunzi akizishika nguzo hizi tatu barabara, noti nyingine atazihesabu kutoka hapo.

Urefu wa sauti huonekana kwa umbo la noti. Palipo na mapigo manne katika kila kipimo, noti tupu isiyo na kijiti hudumu mapigo manne. Noti tupu yenye kijiti, mawili. Noti iliyojazwa wino yenye kijiti, moja. Na ikiwa kijiti kina mkia mmoja, nusu ya pigo.

DO HUHAMA, KIBAO HAKIHAMI

Hapa ndipo wanasolfa wengi hukwama, kwa hiyo yafaa kueleza polepole. Katika solfa, do inaweza kuwekwa popote. Mwalimu akiona waimbaji wanaumia koo, huishusha kidogo, na maneno ya kitabu hayabadiliki. Katika piano kibao hakihami. Do ikihama, vidole ndivyo vinavyobadilika, na vibao vyeusi huanza kutumika.

Do ikiwa C, vibao vyeupe peke yake vyatosha. Do ikiwa G, hapana budi F ipandishwe nusu sauti, ipigwe kwenye kibao cheusi kilicho kulia kwake. La sivyo ti haitasikika kuwa ti. Ndiyo maana mwanzoni mwa mistari huwekwa alama za kupandisha, yaani shapu, au alama za kushusha, yaani flati. Alama hizo si pambo. Zinamwambia msomaji do ilipo.

Kanuni yake ni fupi. Zikiwa shapu, ile ya mwisho upande wa kulia ni ti, na do ipo nusu sauti juu yake. Zikiwa flati, ile ya mwisho ni fa. Mtu ashuke mi, re, do, naye atafika. Kwa mfano, palipo na flati moja, flati hiyo ni B. Kutoka hapo hushuka A, kisha G, kisha F, na F ndiyo do.

Vinanda vya umeme vina kitufe cha kuhamisha sauti, na wapigaji wengi hukitumia ili wapige nyimbo zote kama kwamba do ni C. Kitufe hicho chafaa wakati wa haraka. Lakini mwenye kukitegemea sikuzote hatajifunza kamwe, na akiketi mbele ya piano ya kweli atashindwa.

ROBO SAA KILA SIKU

Asiye na piano asikate tamaa. Achukue kadi ngumu, achore vibao vyake: vyeupe saba huchukua upana wa sentimita 16 na nusu hivi. Aiweke mezani, asome noti, aimbe solfa kwa sauti, huku vidole vikigusa vibao vya karatasi. Masikio yake yamekwisha kufundishwa na kwaya, kwa hiyo atasikia kwa moyo kile ambacho kadi haisemi. Jumapili akifika kwenye kinanda, vidole havitakuwa vigeni.

Afanye hivyo robo saa kila siku, maana robo saa ya kila siku huzidi saa mbili za Jumamosi. Aanze polepole sana, mkono mmoja kwanza, kisha wa pili, kisha yote miwili. Asiandike majina ya noti juu ya kila noti, kwani macho yatasoma herufi na kuziacha noti. Asitazame vidole kila mara. Na akikosea, asirudi mwanzo wa wimbo. Arudie kile kipande kilichomshinda mpaka kilegee. Haba na haba hujaza kibaba.

NYIMBO ZA WAZEE

Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, watu watano walikabidhiwa kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Msingi walioutumia ulikuwa wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, watu wa mto Tana. Akina mama waliuimba miaka mingi bila kuuandika. Ulipoandikwa na watu waliojua kazi hiyo, ukawa wimbo ambao bendi yoyote duniani yaweza kuupiga hata kama haijamwona Mpokomo.

Wabukusu wana litungu, ambalo hupigwa kwa vidole vya mikono yote miwili, kama piano. Watu waliohamia Tongaren wakati mashamba ya walowezi yalipogawanywa katika miaka ya 1960 walikuja na nyimbo zao za ndoa, za kazi na za maombolezo. Wenye kuzijua wanapungua mwaka hata mwaka. Ni kweli kwamba sauti za litungu hazilingani kila mara na vibao vya piano, na mwandishi mwaminifu ataonyesha hivyo. Lakini wimbo ulioandikwa kwa upungufu kidogo waweza kusahihishwa. Uliozikwa pamoja na mwenyewe hauwezi kurudishwa.

Basi kijana anayehesabu mistari mitano jioni, kadi yake i mezani, asichekwe. Yamkini baada ya mwaka mmoja ataketi karibu na babu yake, kalamu mkononi, na kumwomba auimbe wimbo ule tena, polepole.