Baiskeli ya Mwanafunzi: Safari ya Shule na Ulinzi Dhidi ya Wizi

Mada iliyotolewa mbele ya wazazi, walezi, walimu na watendaji wa vijiji



Katika vijiji vya Usukuma, ambako nchi ni tambarare na njia za vumbi hukata mbuga kwa masafa marefu, baiskeli imekuwa mtumishi wa kaya tangu enzi za mababu wa wanafunzi wa leo. Imebeba pamba kwenda kwenye kituo cha kununulia, madumu ya maji kutoka lamboni, na mgonjwa kwenda zahanati. Sasa imepewa kazi nyingine. Tangu shule za sekondari za kata zilipoenea katikati ya miaka ya 2000, na hasa tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, watoto wengi ambao zamani wangeishia darasa la saba wanavuka kwenda kidato cha kwanza. Lakini kata ni pana. Shule inayohesabiwa kuwa ya jirani inaweza kuwa mbali sana kwa mtoto atembeaye kwa miguu.

Mathalani, mwanafunzi wa kike wa kidato cha pili anaishi kilomita 9 kutoka shuleni. Kwa miguu, mwendo huo ni takriban saa mbili. Ili awahi mstarini saa 1:30 asubuhi, hana budi kutoka nyumbani saa 11 alfajiri, giza likiwa bado limetanda. Jioni hurudi amechoka, na kuni na maji vinamsubiri. Akiwa na baiskeli, mwendo huohuo humalizika kwa muda usiozidi saa moja, na hutoka nyumbani kumekwisha kupambazuka. Mwaka wa masomo una siku 194. Kilomita 18 kwa siku, kwenda na kurudi, hufanya karibu kilomita 3,500 kwa mwaka. Huo ndio mzigo ambao baiskeli humtua mtoto mmoja.

Faida hiyo imepimwa kwingineko. Katika jimbo la Bihar nchini India, serikali ilianza mwaka 2006 kuwawezesha wasichana wanaoingia sekondari kununua baiskeli. Watafiti waliofuatilia mpango huo walikuta kwamba uandikishaji wa wasichana wa umri unaostahili uliongezeka kwa asilimia 32, na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. Nchini Zambia, ambako wasichana wa vijijini walipewa baiskeli, muda wa safari ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja, kuchelewa kulipungua kwa karibu theluthi mbili, na siku za kukosa masomo zikapungua kwa zaidi ya robo. Mazingira ya Zambia hayatofautiani sana na ya hapa: njia za udongo, mvua za msimu, shule moja kwa vijiji vingi.

Basi na izingatiwe maana ya baiskeli hiyo kuibwa. Mzazi aliyeuza mbuzi au magunia ya mpunga ili kuinunua hana nyingine ghalani. Mtoto hurudi kwenye safari ya alfajiri, akiwa na deni la lawama nyumbani kwamba hakuitunza mali. Kwa msichana kuna hatari zaidi. Baada ya siku chache za kutembea jua kali, dereva wa bodaboda husimama kando yake na kumpa lifti bila nauli. Lifti ya pili huja na soda, ya tatu huja na ahadi. Walimu wa malezi na unasihi wanaujua mwenendo huo kwa kirefu, nao hauhitaji kuelezwa hapa. Inatosha kusema kwamba wizi wa baiskeli unaoandikwa daftarini kama upotevu wa mali ndogo unaweza kumtoa mtoto shuleni moja kwa moja.

Jambo la kwanza la kushangaza ni mahali wizi huo unapotendeka. Nyumbani, baiskeli hulala ndani. Mara nyingi huegeshwa chumba kilekile wanamolala watu. Njiani, mwenyewe yuko juu yake. Lakini shuleni hukaa muda wa saa saba au zaidi, kuanzia asubuhi hadi alasiri, ikiwa imeegemezwa kwenye mwembe au kulundikwa na nyingine nyuma ya madarasa, pasipo jicho la mtu. Mwizi haingoji usiku. Hungoja vipindi vianze.

Jambo la pili ni kufuli lenyewe. Baiskeli nyingi za aina ya Phoenix na Avon zina kufuli lililofungwa juu ya gurudumu la nyuma, ambalo kijiti chake cha chuma hupita katikati ya spoku. Kufuli hilo huzuia gurudumu lisizunguke, na hapo ndipo kazi yake inapokoma. Halizuii baiskeli kunyanyuliwa. Mtu mmoja mwenye nguvu huibeba begani hadi kichakani. Watu wawili wenye pikipiki huipakia na kutoweka kabla kengele ya mapumziko haijalia. Aidha, makufuli ya bei ndogo yanayouzwa mnadani hayana siri kubwa: kuna nyakati ufunguo wa mmoja hufungua la mwenzake, na wanafunzi ndio wa kwanza kuligundua hilo.

Kwa hiyo baiskeli haina budi kufungwa kwenye kitu kisichong'oka. Mnyororo wa chuma upite ndani ya fremu na ndani ya gurudumu la nyuma, uzunguke nguzo, ndipo kufuli lifungwe. Mnyororo unaopita kwenye gurudumu la mbele pekee humwachia mwizi kazi nyepesi, kwa kuwa gurudumu hilo hufunguliwa kwa spana moja. Ataliacha limefungwa na kuondoka na sehemu iliyobaki. Mnyororo usilegee hadi kugusa ardhi, maana hapo hupata pa kuulaza juu ya jiwe na kuugonga kwa nyundo. Pampu, dainamo na taa, kama zipo, ziingie darasani pamoja na mwenyewe. Mti si nguzo mbaya, ila matawi yawe juu kiasi kwamba mnyororo hauwezi kuvuliwa kwa kupitishiwa kileleni. Miche iliyopandwa juzi haifai kabisa, na inaumia bure.

Shule nyingi hazina nguzo. Hapa bodi za shule za sekondari na kamati za shule za msingi zina la kufanya, na gharama yake haitishi. Bomba la chuma la inchi mbili likilazwa kwa urefu juu ya miguu minne ya bomba lilelile na kuchomelewa na fundi, kimo chake kikifikia kiuno cha mtoto, hupokea baiskeli pande zote mbili. Mashimo manne yenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 50 hujazwa zege kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, mchanga na kokoto zikichangwa na wananchi. Penye uhaba wa bomba, magogo ya mti mgumu yaliyochimbiwa vyema hufaa kwa miaka kadhaa iwapo mchwa watadhibitiwa.

Mahali pa kuijenga nguzo hiyo pana uzito kuliko nguzo yenyewe. Desturi imekuwa kuziweka baiskeli nyuma, karibu na vyoo au jikoni, ili uwanja wa mbele uonekane nadhifu mgeni akija. Desturi hiyo humpendeza mgeni na mwizi kwa pamoja. Maegesho yawe mbele ya ofisi ya walimu, dirisha likiyatazama, na pawe na njia moja tu ya kuingia na kutoka. Kivuli kikipatikana ni neema, kwa kuwa jua la mchana huharibu tairi na viraka vya tyubu, lakini pakilazimika kuchaguliwa kati ya kivuli na jicho la mwalimu, jicho litangulie.

Baiskeli nyingine huanza kupotea kwa kuazimwa. Mwenzake huomba aende dukani mara moja. Naye dukani humpa mwingine. Ifikapo saa nane hakuna anayejua iliko. Shule ikiweka kanuni kwamba hakuna baiskeli itokayo kabla ya muda wa kutoka isipokuwa kwa kibali cha mwalimu wa zamu, nayo ikasimamiwa, sehemu kubwa ya mashauri haya haitafika ofisi ya kijiji.

Sasa ije habari ya utambulisho. Wazee wanakumbuka enzi ambazo baiskeli ililipiwa ada na kupewa kibati. Watu waliichukia ada ile, na hakuna anayeomba irudi. Hata hivyo kibati kilikuwa na faida moja: kilimtaja mwenye mali. Leo kazi hiyo inaweza kufanywa na namba ya fremu, ambayo kiwanda huigonga kwenye chuma na ambayo wenye baiskeli wengi hawajapata kuitazama. Baiskeli ipinduliwe, matope na grisi vifutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha itazamwe sehemu ya chini ya fremu inapopita ekseli ya pedeli. Isipoonekana hapo, itafutwe kwenye bomba lililo chini ya kiti. Iandikwe mahali pawili: katika karatasi inayotunzwa nyumbani pamoja na risiti, na katika daftari la baiskeli la shule, pamoja na jina la mwanafunzi, kidato, kijiji, aina, rangi na kasoro yoyote inayoitambulisha, kama keria iliyochomelewa au madigadi yaliyopinda.

Fremu isiyo na namba inaweza kugongwa herufi na fundi chuma. Ipo pia hila ndogo isiyogharimu chochote: jina na kijiji cha mwenyewe huandikwa kwenye karatasi, karatasi ikafungwa ndani ya kipande cha nailoni na kusukumwa ndani ya bomba la kiti, kisha kiti kikarudishwa. Mwizi hubadili rangi, usukani na hata magurudumu. Ni nadra akumbuke kuchungulia humo. Siku ya ubishi mbele ya mtendaji, spana moja humaliza shauri.

Endapo baiskeli imeibwa pamoja na hayo yote, saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Mwanafunzi amwarifu mwalimu bila kuogopa adhabu, naye mwalimu awapigie simu mtendaji wa kijiji na mafundi baiskeli wa vituo vya jirani, kwa sababu baiskeli ya wizi hupitia kwa fundi ama ibadilishwe sura ama ivunjwe kuwa spea. Taarifa ifike kituo cha polisi na mzazi apewe RB yenye namba ya fremu. Siku ya mnada ikifika, mzazi aende akatazame, akifuatana na mgambo au askari, na mkononi awe na karatasi yake.

Usukuma na Unyamwezi ndiko sungusungu walikoanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi walipochoshwa na wizi wa ng'ombe, na hadi leo mwano ukipigwa watu hutoka. Nguvu hiyo ni msaada mkubwa ikiongozwa vema. Ikiachwa kwa hasira, humwangukia kijana aliyeonekana tu akipita karibu na shule. Vivyo hivyo wapo wazazi wanaokimbilia kwa mpiga ramli kabla ya kwenda polisi. Naye hutaja jirani, na vijiji viwili vikaingia uhasama kwa ajili ya baiskeli ambayo huenda iko wilaya nyingine. Mtuhumiwa apelekwe kwenye vyombo vya dola akiwa mzima. Namba ya fremu haimchongei mtu asiyehusika.

Linabaki la wanunuzi, ambalo halizungumzwi sana mikutanoni kwa kuwa linawagusa watu wema. Baiskeli zilizoibwa huibwa kwa sababu kuna mtu atakayezinunua bila kuuliza. Kanuni ya Adhabu huhesabu kupokea mali ya wizi kuwa kosa, na mzazi aliyemnunulia mwanawe baiskeli ya bei ya kutupa anaweza kujikuta kizimbani, mtoto wake akishushwa njiani mbele ya wenzake. Bei ikiwa nusu ya ile ya kawaida, muuzaji akiwa mgeni asiyetaka kwenda ofisini, au namba ikiwa imesagwa kwa tupa, heri kuiacha. Baiskeli kuukuu iliyo halali huuzwa kwa hati ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mtendaji wa kijiji na kugongwa muhuri, nayo namba ya fremu iandikwe ndani yake. Hati nyingi husema tu "baiskeli moja nyeusi", na nusu ya baiskeli za kata ni nyeusi.

Kidato cha kwanza hufunguliwa Januari, wakati wa mvua, wakati udongo mweusi wa mbugani hukwama kwenye madigadi hadi gurudumu likagoma na mtoto akalazimika kuibeba baiskeli iliyopaswa kumbeba. Siku kama hizo wapo wanaoziacha kwenye nyumba za watu njiani na kumalizia kwa miguu. Mzazi aijue nyumba hiyo mapema, azungumze na wenyewe, na mnyororo ufungwe hata huko. Funguo za kufuli huja mbili. Mmoja uvaliwe shingoni kwa kamba, wa pili ubaki nyumbani kwenye msumari ambao kila mtu wa kaya anaufahamu, maana ufunguo hupotea mara nyingi kuliko baiskeli, na fundi akiitwa kukata mnyororo shuleni, mwalimu wa zamu atahitaji kuliona kwanza daftari.