Tuijue Tindo Kabla ya Kuipiga
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kisauni)



Sisi wa karakana za Kisauni twashika chuma kila siku, wala chuma si kigeni pwani hii. Mwaka 1154 al-Idrisi aliandika ya kuwa watu wa Malindi na Mombasa walichimba chuma. Lakini wengi wetu hatuambiwi kinachotokea ndani yake.

Chuma ni atomu zilizopangwa kwa safu, kama matofali. Chuma safi kikipashwa moto kupita digrii 912 za Selsiasi, safu hizo hujipanga upya; pua, kwa kuwa ina kaboni, huanza kabla ya hapo. Pua ya moto ikitoswa majini ghafula, kaboni hunaswa kati ya atomu, nayo huwa ngumu sana lakini nyepesi kuvunjika. Ndiyo sababu fundi huipasha tena kidogo, kama digrii 200 hadi 300, ipate kustahimili. Kazi hiyo ndiyo kutia matiko.

Mkandamizo wa ghafula nao hubadili chuma. Mwaka 1956 wataalamu wa Los Alamos, Marekani, walieleza kwamba chuma kilichoshindiliwa kwa baruti kiligeuka hali mkandamizo ulipopita ule wa hewa zaidi ya mara laki moja.

Nyundo zetu hazifiki huko. Lakini kila pigo husukuma safu za atomu hata zikasongamana. Kichwa cha tindo huzidi ugumu, hutanuka kama uyoga, hupasuka kingo, na kipande huruka kama risasi. Jicho likitoboka halina badala.

Kwa hiyo twakumbushana haya:

1. Kichwa kilichotanuka kisagwe kabla ya kazi.
2. Matiko yatiwe kwenye makali, si kichwani.
3. Nyundo isipigwe juu ya nyundo.
4. Miwani ya kukinga macho ivaliwe na apigaye, ashikaye, na aliye karibu.

Miwani hiyo si hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Ukiambiwa, "Piga hivyo hivyo," usibishane peke yako; mwite mwakilishi wa chama, tusimame pamoja nawe.