Mwenyeji Huku, Mgeni Kule: Mbawakawa wa Jenasi ya Hypothenemus



Jenasi ya Hypothenemus ina spishi zaidi ya 180 za mbawakawa, na nyingi hazifiki milimita 2 kwa urefu. Nitazungumzia mbili tu, kwa kuwa zinatuonyesha kwamba hakuna mdudu anayezaliwa mgeni. Ugeni huletwa na mahali alipo na mzigo uliomfikisha hapo.

Wa kwanza ni Hypothenemus hampei, bungua wa matunda ya kahawa, mwenyeji wa Afrika. Shika tunda aliloshambulia: kwenye kitovu chake pana tundu moja la mviringo. Lipasue, utakuta punje imechimbwa vijia, na humo mayai, funza weupe wasio na miguu, na mama yao mweusi. Madume ni wachache, ni wadogo kuliko majike, na hawawezi kuruka. Huwapanda dada zao humo humo, na humo hufia. Jike likitoka nje huwa limekwisha kupandwa, hivyo jike moja ndani ya punje moja linatosha kuanzisha ukoo katika nchi mpya.

Ndiyo maana biashara imemfikisha mbali. Mwanasayansi Ferrari alipomweleza kisayansi mwaka 1867, alimtoa katika kahawa iliyokwisha kufika Ulaya. Mdudu huyo aliingia Brazil mwaka 1913 kwa mbegu zilizoagizwa, akagunduliwa Colombia mwaka 1988 na Hawaii mwaka 2010.

Hawaii alimkuta ndugu yake, Hypothenemus obscurus, naye mgeni, mwenye asili ya bara la Amerika, anayesumbua wakulima wa makadamia. Huyu naye hutoboa tunda la kahawa, ila huishia kwenye nyama yake na kuiacha punje. Kwa macho matupu huwatofautishi. Chini ya hadubini, vinywele vya mgongoni mwa hampei ni vyembamba. Vya obscurus ni bapa. Basi tofauti ya unywele mmoja ndiyo inayoamua kama mkulima atanyunyizia dawa au ataokoa fedha zake.

Kwao, mdudu huishi na adui zake. Nyigu mdogo Prorops nasuta, ambaye watoto wake hula funza wa hampei, alichukuliwa Uganda akapelekwa Brazil mwaka 1929. Wenzetu wa Brazil walijua pa kutafuta. Sisi tunaoishi katika asili ya hampei tungepaswa kuwa walimu wa dunia katika jambo hili, na bado wanafunzi wanaochagua kutambua wadudu kwa hadubini ni wachache mno.

Naomba chuo chetu kiwape vijana hawa nafasi, vifaa na ajira. Wakulima, okoteni matunda yote yaliyodondoka na yaliyosahaulika mtini baada ya mavuno, kwani humo ndimo hampei hungojea msimu. Nanyi mnaosafiri, msibebe kahawa mbichi kuvuka mpaka bila kukaguliwa.