Maisha Hayakuahirishwa

Hotuba iliyotolewa na mwalimu wa sekondari, kambini Nyarugusu, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani



Kamati iliniomba niseme machache juu ya furaha. Nilipowaeleza walimu wenzangu walicheka, na mmoja akaniuliza: "Furaha ya wapi, Mwalimu? Ya mgao huu?" Nimekuja na swali lake hapa mbele yenu, maana ni swali la haki.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996, vita vilipotutoa Kivu Kusini tukavuka Ziwa Tanganyika. Mimi nilivuka nikiwa mgongoni mwa mama. Wazee waliokuwa wakifyatua matofali ya udongo wakati ule walikuwa na neno moja midomoni: mwakani. Mwakani tutarudi. Kwa sababu ya neno hilo wapo waliokataa kupanda mwembe, kwa kuwa mwembe wa kokwa huchukua miaka mitano na zaidi kabla ya kuzaa, na nani alitaka kuwa hapa miaka mitano? Wengine walipanda hivyo hivyo. Mwaka 2015, ndugu zetu Waburundi walipofika kwa makumi ya maelfu na vyumba vya shule visitoshe, watoto walisomea chini ya miti. Siwacheki waliokataa. Walitamani kwao, na kutamani kwenu si kosa.

Kizazi changu hakisemi tena mwakani. Kinasema: nikifika. Nikifika Marekani nitasoma, nikifika nitaoa, nikifika nitaacha pombe. Mwajua wenyewe hali ilivyokuwa. Jamaa ikiitwa kwenye intavyu ya kwanza, mtoto anaanza kukosa darasani. Ikiitwa ya pili, baba anaacha kukarabati paa, na mvua inanyesha ndani. Halafu tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi nchini mwake. Palikuwa na watu waliokwisha kuuza sufuria na baiskeli. Na wale waliokuwa wakitazama upande wa pili, upande wa nyumbani, mwezi huo huo walisikia redioni kwamba Goma imetekwa, na Februari ikafuata Bukavu. Milango yote miwili ilifungwa katika majuma machache. Katika siku zile nilimwona kijana mwenye akili nyingi akikaa nje ya nyumba yao toka asubuhi hadi jioni, mikono mapajani. Ndiye aliyenifanya nikubali kusimama hapa leo.

Yuko daktari mmoja wa Vienna, Viktor Frankl, aliyefungwa na Wanazi katika kambi zao hadi mwaka 1945. Zile zilikuwa kambi za kuulia watu, hii yetu ni ya hifadhi, tusizilinganishe. Lakini katika kitabu alichokitoa mwaka 1946 ameandika jambo linalotuhusu. Daktari mkuu wa kambi alimweleza kwamba kati ya Noeli ya 1944 na Mwaka Mpya wa 1945 watu walikufa wengi kuliko kawaida. Kazi haikuwa imezidi, wala chakula hakikuwa kimepungua zaidi, wala hapakuwa na ugonjwa mpya. Wengi walikuwa wamejiambia kwamba Noeli itawakuta nyumbani. Noeli ikafika, wakajikuta pale pale, na nguvu ya kustahimili ikawatoka. Kumbe tumaini lililofungwa kwenye tarehe moja linaweza kumwangusha mtu.

Na wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, mwaka 2010 walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Waliwauliza watu 2,250 kwa njia ya simu, katika saa mbalimbali za siku: unafanya nini sasa, unawaza nini, na moyo wako ukoje? Karibu nusu ya nyakati hizo, asilimia 46.9, mawazo ya mtu hayakuwa kwenye kile alichokuwa akifanya, na nyakati hizo alikuwa na furaha kidogo zaidi. Hata aliyekuwa akiwaza mambo mazuri ya mbali hakumzidi kwa furaha yule aliyeweka moyo kwenye kazi iliyo mkononi. Watu wale walikuwa na simu za bei kubwa na wanakula wanavyotaka, kwa hiyo ugonjwa huu si wa wakimbizi peke yetu. Sisi tumeupata kwa wingi tu.

Sasa nirudi kwa mwenzangu na mgao wake. Mwaka 2023 mgao ulishuka hadi nusu, na mama anayegawa unga wa siku 14 kwa siku 28 hahitaji mwalimu wa kumwambia atabasamu. Mwenye njaa hahubiriwi furaha. Kamati iendelee kudai, iandike barua, ikae mlangoni mwa ofisi hadi isikilizwe. Wala simwambii mjane asahau aliyemzika njiani. Machozi yake ya leo nayo ni ya leo, ayalie. Ninachokataa ni kuchukua siku nzima, pamoja na yale machache mema yaliyomo, na kuitupa kwa sababu si siku tuliyoiomba.

Yale machache yapo. Juzi msichana wa darasa langu alihangaika na hesabu ya sehemu kwa muda wa saa nzima. Ghafla akapiga meza, akapaza sauti: "Ah! Kumbe!" Darasa zima likageuka kumtazama. Furaha ile haikuwa na viza, na wala haikungoja kuhamishwa. Ukiniuliza itadumu vipi, nitakujibu kwamba inadumu kama moto wa jiko unavyodumu: kwa kuchochewa. Kesho atapewa hesabu nyingine. Akina mama wa kwaya wanalijua jambo hili kutushinda sisi wenye vyeti, kwani siku ya mazoezi huwezi kumwona hata mmoja akitazama barabara ya Kasulu. Mafundi cherehani nao ni hivyo, na wale wazee wanaocheza kisoro kwa kelele nyingi kupita kiasi karibu na darasa langu. (Wazee wangu, naomba msogee kidogo.)

Yule kijana niliyemtaja hajapona kabisa. Siku nyingine huja, siku nyingine haji. Tulimwomba awasaidie watoto wa darasa la nne kusoma Kifaransa jioni, naye wakati wa kufundisha husahau kukaa kimya. Vijana wengine kama yeye wako katika kila kanda, na majina yao mnayajua ninyi viongozi wa blok. Nawaomba msiwaite mkutanoni kuwapa mashauri. Wapeni kazi yenye watu wanaowangoja.

Mwisho ni tangazo, kwa ruhusa ya Mwenyekiti. Nyuma ya shule tuna miche ya mipapai, na mpapai huzaa katika muda wa mwaka mmoja hivi. Jumamosi saa moja asubuhi, mwenye jembe aje na jembe, mwenye ndoo aje na ndoo. Tutaanzia upande wa kisima.