Sahani ya Mzee Dhaifu

 

Enyi ndugu Waislamu, katika Suratul-Israa Mwenyezi Mungu ameutaja uzee wa wazazi wetu, akatukataza hata kuwagunia. Na kuguna si kwa mdomo tu. Mwenye kumwekea mzee bakuli la uji, akaenda zake, kisha akarudi akalikuta limejaa na kusema, "Huyu hataki kula", naye ameguna.

Unguja zipo nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, na Pemba ipo ya Limbani. Siku za Idi watu huchukua mchele, sukari na sabuni wakazipeleka mahali kama hapo. Ni jambo jema. Lakini mchele ulio ghalani haujawa chakula mpaka umfike mzee tumboni, na njia hiyo ni ndefu. Meno yametoka, mkono unatetemeka, dawa zinakausha kinywa. Kiu nayo hupungua uzeeni, hata mwili ukakaukiwa na maji ilhali mwenyewe haombi.

Nasi husema, "Amekonda kwa uzee." La, ndugu zangu! Mzee wa kilo 50 aliyepungua zaidi ya kilo 2 na nusu katika miezi 3, bila ya kukusudia, yafaa aonwe na tabibu. Wataalamu wa lishe wa Ulaya wamependekeza mzee apate angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mgonjwa wa figo, tabibu wake ndiye mwenye kauli. Yai moja lina gramu 6 hivi. Basi uji mwepesi asubuhi na chai kavu jioni vitafikaje gramu 50?

Uji na utiwe maziwa, au njugu zilizosagwa laini. Samaki atolewe miiba, avurugwe katika wali laini wa nazi. Apewe kidogo kidogo, hata mara 5 kwa siku. Ale amekaa wima, wala asilazwe mara amalizapo. Akikohoa kila anywapo, asilazimishwe. Huenda kinachoharibika ni kumeza kwenyewe, na chakula kikaingia mapafuni.

Haya yanataka wakati, na mhudumu mmoja mwenye wazee wengi hawezi kungoja kila tonge. Enyi vijana wa madrasa, nendeni saa ya chakula, si saa ya kupiga picha. Muulizeni mhudumu, naweni mikono, mketi. "Shikamoo babu, karibu tule." Mzee hula zaidi akiwa na mwenziwe.

Tangu mwaka 2016 Serikali ya Zanzibar inawapa pensheni waliotimia miaka 70. Mtoto asidhani kuwa imemwondolea wajibu wake.

Tena Ramadhani ikija, wapo wazee dhaifu wanaokataa kula kwa haya. Mzee asiyeweza kufunga ameruhusiwa kula, na hutolewa fidya, chakula cha maskini mmoja kwa kila siku. Mwambieni kwa upole. Asipowasikia nyinyi wanawe, mwiteni imamu wa mtaa aketi naye, na bakuli liwe tayari.